Futa Mikono, Hiyo Ni Hariri

Mimi ni dobi. Natangulia kusema hivyo ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua. Nina kibanda hapa Nyamisangura, Tarime mjini, meza moja ndefu, mabeseni manne na pasi mbili, ya umeme na ya mkaa, na huu ni mwaka wa kumi na saba nafua na kunyoosha nguo za watu. Walimu, makarani, wachimba dhahabu waliokuja kutoka mikoa ya mbali, bwana harusi aliyeniletea suti imekunjamana zikiwa zimebaki saa mbili afunge ndoa, wote wamepita hapa. Katika miaka yote hiyo nimeunguza nguo moja tu. Ilikuwa ya mama yangu, na niliiunguza asubuhi ya siku ya kumzika.

Kazi hii alinifundisha yeye. Mama alifua nguo za walimu na za mganga wa zahanati kule kwetu Nyarero, na mengi aliyojua aliyapata kwa fundi cherehani mmoja wa mjini, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Mzee huyo alivaa kanzu nyeupe isiyo na doa hata masika, na masika ya Tarime si mchezo, tope letu jekundu linakufuata mpaka kitandani. Ndiye aliyemwonyesha mama jambo ambalo mpaka leo ndilo msingi wa kazi yangu. Kabla hujaigusa nguo usiyoijua, ipindue, tafuta nyuzi zilizojitokeza kwenye mshono wa ndani, zisogezee kiberiti kidogo, uzime haraka. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Hariri nayo inanuka nywele, na jivu lake ukilibana kwa vidole linasagika. Nailoni na ndugu zake hawaachi jivu, wanayeyuka. Uzi unajikunja na kuwa kipunje kigumu cheusi kama pilipili manga, na ukikibana kinakuumiza.

"Usiniulize mimi," mama aliniambia kila nilipomletea nguo nikitaka kujua ni ya kitambaa gani. "Iulize nguo."

Watu hawaulizi nguo. Wanatumbukiza tu. Alikuja mfugaji mmoja kutoka Machochwe, kule karibu na hifadhi, na koti la sufu alilolinunua kwenye mitumba, koti la maana kweli. Mke wake alikuwa amelichemsha kwenye sufuria ili kuua chawa. Lilikuwa limesinyaa na kuwa gumu, likimtosha labda mtoto wake wa darasa la pili.

"Dada," akaniambia kwa upole, "nisaidie lirudi."

"Lirudi wapi, kwa kondoo?" nikamjibu.

Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hauna breki, na mama alinionya sana juu ya hilo. Yule bwana alicheka, nikamshukuru Mungu. Lakini nilikasirika kweli, maana sufu haitaki mengi. Maji baridi, usiisugue, usiikamue, iviringishe ndani ya taulo kisha uitandaze kivulini. Ukiitundika kwenye kamba inarefuka inakuwa kanzu. Kitenge kipya kinataka maji ya chumvi kwanza kisichuje. Ovaroli za wachimbaji nafua nje, peke yake, kwa brashi, maana lile tope la mashimoni likiingia kwenye beseni la mashati umekwisha. Pamba ndiyo haina maringo, unainyunyizia maji na kuikandamiza kwa pasi ya moto, inakushukuru.

Sasa gauni lenyewe.

Wazazi wangu walifunga ndoa mama akiwa amevaa gauni la kuazima. Tata, sisi Wakurya baba tunamwita tata, hakuwa na kitu wakati ule, na watu wa ukoo wa mama walilisema jambo hilo kwa miaka, tena mbele yake, kwenye sherehe, wakicheka. Alivumilia. Nilipokuwa na miaka tisa hivi akaacha shamba, akaenda machimboni. Alichimba miaka miwili. Aliporudi alikuwa amekonda, ana kikohozi ambacho hakijamtoka mpaka leo, na chini ya kwapa amebana kifurushi kimoja cha karatasi. Basi. Miaka miwili ya chini ya ardhi, na alichorudi nacho ni kile kifurushi.

Lilikuwa gauni refu, rangi ya maziwa, la mikono mirefu, na mgongoni lilikuwa na vifungo kumi na kimoja vidogo vilivyofunikwa kwa kitambaa kile kile, kila kimoja na kitanzi chake. Alilinunua Sirari, mpakani, kwa mfanyabiashara aliyemwapia kwa Mungu kwamba ni hariri tupu. Tata alilisema neno lile polepole, hariri, kama mtu anayetaja jina la mtoto wake.

Mama alilipokea kwa mikono miwili. Akalitazama sana. Kisha akaingia nalo jikoni, akakaa huko kitambo, sisi tukiwa nje na tata hajui asimame au aketi. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Ni hariri kweli. Baba watoto, umenipa heshima." Tata akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kabla, akaomba maji ya kunywa. Mimi nilidhani mama alienda kulia jikoni ili tusimwone.

Tangu siku ile gauni lilivaliwa mara moja kwa mwaka, Krismasi. Na kwa kuwa vifungo vilikuwa mgongoni na mama havifikii, kazi ya kuvifunga ilikuwa ya tata. Sisi watoto tuliingoja kwa hamu kama sehemu ya sikukuu. Tata anatoka migombani, mikono ina utomvu, anasimama nyuma ya mama.

"Futa mikono," mama anasema bila kugeuka.

"Nimefuta."

"Futa tena. Hiyo ni hariri."

Tata anafuta viganja kwenye suruali, upande huu na upande huu, anamwonyesha mama kwa juu ya bega, mama anavikagua, ndipo anaruhusiwa. Vidole vyake vilikuwa vinene, vimekomaa, na vile vitanzi vilikuwa vyembamba. Kifungo kimoja kiliweza kumchukua dakika nzima. Alianzia chini kwenda juu, akipumua kwa nguvu, na sisi tukihesabu kwa sauti mpaka kumi na moja, na kile cha juu kabisa, cha shingoni, ndicho kilichomsumbua kila mwaka. Wale waliocheka gauni la kuazima sasa walikuja kushika mkono wa gauni la mama kwa ncha za vidole. Tata alikuwa akiwatazama wanavyoshika.

Mama alilitunza lile gauni kwa namna iliyonishinda. Alilifua kwa maji vuguvugu na sabuni ya kipande, hakuwahi kulianika juani, na hakumruhusu mtu mwingine kulipiga pasi, hata mimi nilipokuwa dobi mwenye kibanda changu. Alilipiga mwisho wa kazi yote. Alinyoosha kwanza mashati ya tata, magauni yetu, vitambaa vya meza, mpaka makaa ndani ya pasi yamebaki majivumajivu, ndipo analichukua.

"Mama, hiyo pasi imepoa," nilimwambia mwaka mmoja. "Unalipapasa tu. Hariri inastahimili zaidi ya hapo."

"Wewe una hariri yako?" akaniuliza.

"Sina."

"Basi niache na yangu."

Nikacheka, nikamwacha. Niliona ni uzee, ni kupenda sana kitu mpaka unakiogopa.

Mwaka juzi akaugua tumbo. Tulihangaika naye miezi mitano, na mwisho wake alilazwa hapa mjini. Siku tatu kabla hajafa alikuwa na akili zake zote. Tata alikuwa ameketi miguuni pake, kofia magotini, mimi upande wa kichwani. Mama akasema, kwa sauti ndogo lakini bila kigugumizi, "Mtanivisha hariri ya baba yenu."

Tata akaitikia kwa kichwa.

Kisha mama akanivuta mkono. "Utaipiga pasi wewe. Lakini anza na nguo nyingine zote. Hiyo iwe ya mwisho." Akanikazia macho. "Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Sikuelewa. Nilidhani anasema habari ya mikunjo, kwamba nilinyooshe dakika za mwisho lisije likajikunja njiani. Alikuwa ananiambia kwa njia pekee aliyoweza, tata akiwa amekaa pale. Na mimi, dobi, mwanafunzi wake, nikasema nimekuelewa.

Asubuhi ya mazishi umeme haukuwepo, ulikatika na mvua tangu jana yake. Nikawasha mkaa, nikajaza pasi, nikaisugua kwenye jani la mgomba mpaka ikateleza. Nguo ya kupiga ilikuwa moja tu, ile; nyingine zote nilizimaliza juzi yake, umeme ukiwepo. Niliitandaza mezani. Na hapa ndipo ninapojichukia. Mkono wangu ulienda wenyewe kwenye kiberiti, kwa mazoea tu, na nikaurudisha. Nilisema moyoni, nguo ya mama yangu niipime? Hariri ambayo ameitunza miaka yote hii, mimi niiwashie kiberiti kama mtumba wa kuokota? Niliona ni kumkosea adabu. Kwa mteja nisiyemjua ningepima.

Nikaweka kitambaa chenye unyevu juu, nikaanza na mikono ya gauni, kwa joto la hariri, wala si kali. Ilikwenda vizuri. Nikaja mbele, chini ya kifua. Hapo kulikuwa na mkunjo mmoja mkaidi, nikaondoa kitambaa ili niuone vizuri, nikaweka pasi juu yake.

Shangazi yangu, dada yake tata, alikuwa mlangoni tangu nilipowasha mkaa. Sisi wawili hatujawahi kuivana. Akasema, "Wewe mtoto, gari linatungoja. Mochwari unadhani ni ya kwenu?"

Nikageuka kumjibu. Mungu wangu, nikageuka. "Shangazi, aliyekufa ni mama yangu mimi! Ukiona nachelewa tangulia!" Hata shikamoo ya asubuhi ile sikuwa nimempa. Na mkono wangu ukiwa pale pale, na pasi ikiwa pale pale.

Harufu iliyonifikia haikuwa ya nywele. Ilikuwa ya ndoo ya plastiki iliyoangukia motoni.

Nilipoinua pasi gauni liliinuka nayo. Lilivutika nyuzinyuzi kama ulimbo, likaachia, na palipokuwa na mkunjo pakabaki tundu lenye umbo la ncha ya pasi, kubwa kuliko kiganja, limezungukwa na ukingo mgumu wa kahawia. Sikulia. Nilisimama nikiwa na pasi mkononi, na kichwa changu kikarudia kitu kimoja tu, hariri haiyeyuki, hariri haiyeyuki.

Nikalipindua. Nikatafuta mshono wa ndani, ubavuni, nikaufuata kwa kidole kuanzia kwapani mpaka kwenye pindo. Kilikuwa pale chini, mahali ambapo hakuna jicho lingefika. Kipunje kigumu cheusi, kidogo kuliko punje ya mtama. Nikakibana. Kiliniumiza.

Mama alikuwa ameliuliza lile gauni. Aliliuliza siku ile ile, jikoni, tata akiwa nje anamngoja. Alijibiwa, akafuta macho, akatoka akasema ni hariri. Kisha akaitunza nailoni kama hariri miaka yake yote iliyobaki, akaipiga pasi kwa makaa yanayokufa, akamfutisha mume wake mikono kila Krismasi, na hakumwambia mtu. Hata mimi. Alijua mdomo wangu.

Shangazi alikuwa amekaribia meza. Nilijua atapiga kelele, nikajiandaa. Akatazama lile tundu, akanitazama mimi.

"Hariri ndiyo inafanya hivi?" akauliza polepole.

"Siyo hariri, shangazi. Haijawahi kuwa."

Shangazi aliyajua yale mashimo ya machimboni, ndiye aliyemchemshia tata dawa za kikohozi mwaka ule aliporudi. Akavuta kiti cha wateja akaketi kama mtu aliyechoka sana.

"Kaka yangu asijue," akasema. "Hilo la kuungua asijue, na hilo lingine ndiyo kabisa. Litamuua. Tutazika wawili."

"Nimvishe nini basi? Alisema hili. Mbele yake alisema hili."

"Utamvisha hili." Akalichukua, akaligeuza mbele nyuma, akalikunja vizuri kuliko ningeweza mimi wakati ule. "Palipoungua patakuwa mgongoni, atapalalia. Nani atamwinua?"

Nikambusu mkono. Sijui kwa nini, sisi hatuna desturi hiyo.

Mochwari tulimwosha mama, tukamvisha, mimi na shangazi na mwanamke mmoja wa kanisani aliyejifanya haoni. Kifua cha gauni kikawa mgongo wake, na vile vifungo kumi na kimoja vikaja mbele, vimejipanga kuanzia tumboni mpaka shingoni. Kuvifunga ilikuwa kazi yangu. Nilianzia chini kwenda juu. Nilifika cha kumi, na cha shingoni kikanishinda. Kitanzi kilikuwa kimelegea, kifungo kinachomoka, nikajaribu mara tatu, nne, kisha nikaegemeza paji la uso kwenye ukingo wa meza ile ya baridi na kulia kwa sauti. Nililia kwa sababu nilimwunguzia nguo yake. Nililia kwa sababu alinieleza nikasema nimekuelewa. Shangazi akaniambia twende, kitanzi kimoja hakionekani.

Nyarero uwanja ulikuwa umejaa. Jeneza liliingizwa sebuleni kwanza, kama tufanyavyo, ili mwenye mke amuage mke wake kabla ya watu. Likafunguliwa. Tukabaki watatu, tata, shangazi na mimi. Tata alivua kofia. Akasogea na fimbo yake, akainama, akakaa hivyo muda mrefu. Nilimwona macho yanatembea juu ya gauni, kutoka chini kwenda juu, na nikajua anahesabu.

"Vifungo," akasema. "Mbona vimekuja mbele?"

Shangazi akakohoa. Mimi mwenye majibu ya haraka kwa kila mtu, mimi niliyemtania mfugaji wa Machochwe na kumfokea shangazi yangu, safari hii niliuzuia mdomo kwanza. Nikamkumbuka mama akitoka jikoni na macho mekundu.

"Ili uvifikie, tata," nikasema. "Kimoja tumekuachia wewe."

Alinitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu, na sitamuuliza kamwe. Kisha akanipa fimbo yake nimshikie. Mikono yake haikuwa na utomvu siku ile, alikuwa ameoga, amevaa suti yake nyeusi niliyoinyoosha mwenyewe. Akaifuta mikono kwenye suruali, upande huu na upande huu. Akaigeuza viganja juu, akaipeleka mbele ya uso wa mama, akangoja kidogo.

Akaifuta tena. Ndipo akakifunga.